Mkanda wa Mwokaji

Nimefunga.
Si kwa ajili ya dini; Kwaresima ilikwisha,
na Padri Ilarioni alishanipa baraka zake na yai jekundu.
Nimefunga kwa amri ya daktari Maka,
binti niliyemuuzia mkate tangu hajaota meno ya mbele,
leo ananitazama bila kupepesa:
"Mjomba Nodari, kilo mia moja na kumi na nane.
Upunguze, au wachimba kaburi watudai zaidi."

Basi kinywa nakifungua saa sita mchana,
nakifunga saa mbili usiku.
Kati ya kufunga na kufungua
kuna saa kumi na sita,
na mimi ni mwokaji.

Saa kumi alfajiri Kutaisi imelala,
Rioni unajisemea peke yake chini ya daraja,
nami nimeinamia tanuri hadi kiunoni
nikibandika unga kwenye ukuta wa moto,
mkate baada ya mkate, umbo la mwezi mwandamo.
Inavimba. Inanukia.
Inaniita kwa jina la utotoni.
Tumbo linanguruma hata bibi Tsiala,
mteja wa kwanza, anauliza nimeanza lini kufuga mbwa.

Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza:
aliyenena hivyo hakusema
ni mwana yupi wa kulea mtu akifika hamsini na sita.

Saa nne natundika kibao mlangoni,
navaa raba alizoacha Beka
alipokwenda Poland kubeba makontena,
nazikabili ngazi zinazopanda kanisani.
Siku ya kwanza, arubaini.
Nikakaa kama gunia lililokatwa kamba,
kofia mapajani, macho yamefumba.
Nilipoyafumbua, mtalii alikuwa akishuka,
na ndani ya kofia mlikuwa na sarafu.

Nimeiweka. Sijaitumia.

Wiki ya pili, ngazi themanini, na kilo tatu zikaniaga.
Wiki ya tatu nikazimaliza zote, nikagusa ukuta wa kanisa,
nikarudi kwa mbio kupanda mizani:
imenuna. Sindano pale pale.
Haba na haba hujaza kibaba, hilo nililijua.
Hawakunifundisha kibaba kinavyogoma
ukianza kukipunguza kwa haba na haba.

Halafu ikaja Jumapili ya shemeji Avto.
Kinywa kimefungwa, saa tatu usiku,
meza inalia kwa uzito, jibini inatiririka,
nami nimekumbatia glasi ya maji kama mwanafunzi mgeni.
Kiongozi wa meza akainua pembe:
"Kwa waliotutangulia."
Wote wakasimama. Wote wakanitazama.
Kwetu wafu hawakumbukwi kwa maji.
Na wangu ni Gurami, mdogo wangu,
aliyeanguka kwenye ngazi za nyumba yake
na mfuko wa viazi mkononi,
hata hamsini na mbili hajatimiza.

Nikanywa. Pembe yote.
Kisha nikala, na sikuhesabu.

Usiku usingizi ukanikataa.
Lamara akadhani ni majuto, akanisugua mgongo.
Nilikuwa nazihesabu ngazi za Gurami.
Kumi na nne.
Kumi na nne tu.

Asubuhi nikafunga tena.

Leo suruali imeniporomoka mbele ya tanuri,
mikono yote miwili imejaa unga, foleni imefika nje,
na Lamara kacheka hadi akakalia ndoo.
Nimepasha kulabu ya kutolea mkate,
nikatoboa mkanda tundu lisilokuwepo.
Ngozi imenuka, moshi kidogo, basi.
Nikaufunga.

Saa sita kasoro dakika tatu.
Mkate wa mwisho uko mezani,
ncha moja imeungua, alivyopenda Gurami.
Nauangalia, nao unaniangalia.
Dakika tatu.
Nani alizirefusha hivi?